Pale ale ya ukungu ina kasoro: tafuta chanzo kwa macho, pua na ulimi

Bia ikifika kwenye glasi na kasoro, kasoro hiyo imeingilia mahali pamoja kati ya matatu: mezani inapomiminwa, ghalani ilikokaa, au kwenye tangi ilikochachuka. Waonjaji wengi hukimbilia tangi na kumhukumu mpishi. Njia ya uhakika ni kurudi nyuma hatua kwa hatua kuanzia mezani, kwa kuwa kosa la mezani hupimika na kuondolewa kwa dakika chache, na likiachwa huharibu kila hukumu inayofuata.

Pale ale ya ukungu, yaani bia ya rangi nyepesi isiyochujwa ikawa angavu, inahitaji uangalifu huo kuliko bia nyingi. Mtindo huu ulikulia kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa Vermont, na mwaka 2018 chama cha wapika bia cha huko, Brewers Association, kiliuingiza kwenye orodha yake ya mitindo. Bia hii hutakiwa inukie embe, pasheni, chungwa au nanasi, uchungu wake uwe laini, na ijae kinywani bila kunata. Kilevi chake mara nyingi huwa karibu asilimia 5. Haina pombe nzito wala kimea kilichokaangwa cha kuficha kosa, kwa hiyo kila kasoro hujitokeza wazi.

Kwanza meza na glasi

Bia ikiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, harufu hujifungia na uchungu hubaki peke yake ulimini. Ionje kati ya nyuzi 7 na 10. Ikiwa imetoka kwenye jokofu kali, shika glasi kwa viganja kwa dakika tano, kisha unuse upya. Malalamiko mengi ya kwamba bia haina harufu huishia hapo.

Povu likitoweka ndani ya nusu dakika, tazama kuta za glasi kabla ya kuilaumu ngano. Mapovu yaliyong'ang'ania ukutani chini ya usawa wa bia ni dalili ya mafuta au sabuni. Osha glasi, isuuze kwa maji mengi, kisha igeuze ikiwa bado imelowa: maji yakiteremka kama utando mmoja glasi ni safi, yakikatika matone matone bado ina mafuta.

Mimina mililita 90 hadi 120 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba kiasi, nafasi ya juu ibaki kwa ajili ya harufu. Nusa mara tu povu linapotulia, kwa mivuto mifupi miwili mitatu, kwa sababu harufu nyepesi za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hukimbia mapema. Ndipo uonje, umeze, utoe pumzi puani huku mdomo umefungwa. Andika ulichokipata kabla mwenzako hajasema neno, maana mtu mmoja akitamka "siagi", meza nzima huanza kuisikia. Kahawa, pilipili, manukato na dawa ya meno viepukwe kabla ya kuonja. Maji na mkate mkavu vinatosha kusafisha kinywa.

Kisha fungua kopo la pili la mpigo uleule, yaani la bia iliyopikwa pamoja na ile ya kwanza. Kasoro ikiwa kwenye kopo moja tu, hitilafu iko kwenye ufungaji wa kopo hilo. Ikiwa kwenye yote mawili, endelea chini.

Ukungu usio wa kawaida

Ukungu mzuri hutokana na protini za ngano na oti kushikana na polifenoli (kemikali za mimea zenye ukakasi, kama za chai) za hopsi. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo huelea kwa wiki nyingi na kuifanya bia ing'ae kwa ndani, sawasawa kutoka juu hadi chini. Ukungu mbaya hutokana na hamira, vipande vya hopsi au wanga, na kila kimoja kina jaribio lake.

Simamisha kopo kwenye nyuzi 1 au 2 kwa siku tatu, kisha mimina polepole kwenye glasi tatu mfululizo. Glasi ya kwanza ikitoka angavu na ya mwisho nzito yenye mashapo ya rangi ya malai, ulichokuwa ukikiona ni hamira. Ladha yake ni ya unga mbichi wa mkate na mchuzi, na huacha ukavu ulimini. Chanzo ni haraka: bia imefungwa kabla haijatulizwa kwenye baridi, au bomba limevuta kutoka kwenye kitako cha tangi. Madoa ya kijani ni vipande vya hopsi, na kooni huwasha. Glasi zote tatu zikifanana, ukungu ni thabiti.

Kwa wanga, dondosha tone la iodini kwenye kijiko cha bia juu ya sahani nyeupe. Rangi ya hudhurungi ya iodini ikibaki, hakuna wanga wa kutosha kuonekana. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga haukuvunjwa wote kimea kilipolowekwa, au mpishi alitia unga mbichi ili kulazimisha ukungu. Mwaga sampuli hiyo, isinywewe. Kutia unga ni njia mbaya ya mkato: wanga uliobaki ni chakula cha hamira mwitu, na bia iliyopokewa vizuri leo inaweza kufoka mwezi ujao.

Kuna pia ukungu wa baridi, unaoondoka bia inapofika nyuzi 20. Hauna madhara kwa ladha, ila unaonyesha kwamba mshikamano wa protini na polifenoli ni dhaifu. Dawa yake ni kupandisha ngano na oti hadi asilimia 20 au 30 ya nafaka yote, na kutia sehemu ya hopsi uchachu ukiwa bado hai.

Na bia ikitoka angavu kabisa? Usiipige fimbo. Kwenye fomu ya BJCP, mpango wa kuthibitisha waamuzi wa mashindano ya bia, yenye alama 50, mwonekano wote, yaani rangi, ukungu na povu kwa pamoja, una alama 3. Harufu ina 12, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Bia angavu inayonukia pasheni ina haki ya kuishinda bia nzito kama uji isiyonukia chochote.

Rangi imefifia kuwa kijivu, zambarau au hudhurungi

Hapa mtuhumiwa ni oksijeni, na hakuna kasoro inayoua bia hii kwa wingi kama hiyo. Polifenoli zikiungana na oksijeni huzaa rangi nyeusi nyeusi. Bia hii ina polifenoli nyingi kwa sababu ya hopsi zake, na madini ya manganisi yanayotoka kwenye hopsi na nafaka huichochea kazi hiyo. Ndiyo maana kiasi cha hewa ambacho bia nyingine ingekivumilia hapa huleta maafa.

Dalili huja kwa mfuatano. Kwanza harufu ya matunda hupungua, na wengi hawaigundui kwa kuwa hawana bia safi ya kulinganishia. Kisha unatokea utamu wa asali au matunda yaliyokaushwa, ilhali sukari haijaongezeka. Rangi hugeuka baadaye. Ladha ya karatasi iliyolowa, ambayo vitabu vingi huitaja kwanza, hapa huja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa kwa sababu bia imeshakufa kabla. Anayengoja karatasi ndipo aseme oksijeni amechelewa sana.

Sasa mtenge aliyekosa. Chukua kopo la mpigo huohuo lililobaki kwenye chumba cha baridi cha mpishi, uliweke kando ya lile lililopita ghalani. La mpishi likiwa zima, joto ndilo limeharibu. Wafunga bia hutumia kanuni ya 3-30-300: siku 3 kwenye nyuzi 32 huichakaza bia takriban sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Kanuni hiyo ni ya makadirio na inahusu bia kwa jumla. Kwa bia ya hopsi nyingi tungepunguza matarajio: hata ikikaa kwenye baridi, ubora wake uko kwenye miezi miwili ya mwanzo.

Makopo yote mawili yakiwa yamefifia, hewa imeingia kwa mpishi. Kagua sehemu nne: kifuniko cha tangi kilichoachwa wazi wakati wa kutia hopsi, bomba lisilotolewa hewa kabla ya kuhamisha, kegi (pipa la chuma la bia) iliyopulizwa gesi kidogo tu ikadhaniwa ni safi, na kopo lililofungwa bila povu kufika mdomoni. Kegi husafishwa hewa kwa kuijaza maji ya dawa ya kuua vijidudu hadi juu kabisa, kisha kuyasukuma yote yatoke kwa gesi ya kaboni. Bia ihamishwe kwa bomba lililofungwa pande zote mbili. Kopo nalo lifungwe juu ya povu. Mwenye kifaa cha kupima alenge oksijeni ya jumla chini ya mikrogramu 50 kwa lita ndani ya kopo. Bia iliyokwisha kufifia haina tiba.

Tahadhari moja: bia ya kahawia safi yenye harufu kali ya hopsi huenda ikawa imepikwa kwa kimea cheusi kidogo. Rangi pekee haitoshi kuhukumu bila pua.

Siagi, au bisi zilizotiwa siagi

Hiyo ni daiasetili. Ulimi hupata utelezi hata kabla pua haijatambua harufu. Kwenye bia hii ina njia yake maalumu ya kuzaliwa, na mpishi asiyeijua atalaumu hamira bure.

Hopsi za baridi, yaani zinazotiwa kwenye tangi bila kuchemshwa, hubeba vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu ambazo hamira ilizishindwa. Sukari fupi zikipatikana, hamira huamka na kuanza kula tena, na katika kula huko huacha kitangulizi cha daiasetili. Kitangulizi hakina harufu. Ndiyo maana bia huonjwa ikiwa safi, hupozwa, hufungwa, na wiki mbili baadaye kopo linanuka siagi.

Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua sampuli mbili za mililita 100 kutoka kwenye tangi. Funga moja ndani ya mtungi wa kioo, uutumbukize kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20 hadi 30, nyingine iache kando imefunikwa. Pooza ya moto hadi zote zilingane joto, kisha nusa. Iliyopashwa ikinuka siagi na nyingine isinuke, kitangulizi bado kipo: liache tangi kwenye nyuzi 18 hadi 20 na urudie baada ya siku mbili. Zikinuka zote, hamira haijamaliza kuisafisha bia, nayo inahitaji joto na muda uleule. Zisiponuka zote, na haidromita, kipimo cha uzito wa bia kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikasoma namba ileile siku tatu mfululizo, poza tangi.

Hilo la haidromita si la kurukwa. Bia iliyofungwa kwenye 1.014 ikashuka hadi 1.010 ndani ya chupa huzalisha takriban gramu 4 za gesi kwa kila lita, juu ya gramu 4.6 hadi 5 zilizokuwamo. Matokeo yake ni kufoka, na chupa dhaifu hupasuka. Basi ukikuta siagi, mwili mwembamba (bia kujisikia nyepesi kinywani) na gesi kali kwenye kopo moja, usitafute makosa matatu. Ni hilihili.

Siagi inayokuja na ladha chachu ni habari nyingine: bakteria. Ikiwa bia ya bombani ndiyo inayonuka na ya kopo ni nzima, mabomba ya baa ni machafu. Yasafishwe kila wiki mbili.

Uchungu unaokwaruza koo

Uchungu wa bia hii ukikusumbua, tambua unakaa wapi. Wa kawaida huonekana nyuma ya ulimi kisha ukaondoka. Unaowasha kooni kama umemeza vumbi la majani umetokana na vipande vya hopsi, nao hupungua kopo likisimama kwenye baridi kwa wiki moja au mbili. Unaochoma ncha ya ulimi ni gesi: zungusha glasi hadi gesi itoke, uonje tena. Ukiondoka, tatizo ni ujazo wa gesi tu.

Ukibaki baada ya majaribio hayo mawili, pima pH (kiwango cha asidi; namba ikishuka asidi imezidi) ya bia iliyotolewa gesi, kwenye nyuzi 20. Lenga 4.3 hadi 4.6. Hopsi za baridi huipandisha, kwa takriban 0.1 hadi 0.15 kwa kila gramu 4 kwa lita, na ikipita 4.7 uchungu hutanuka na kuwa mzito huku matunda yakipooza. Jaribu kwanza kwenye glasi: dondosha asidi ya laktiki iliyozimuliwa, tone moja moja, ukionja kila mara. Bia ikichangamka umepata jibu, na mpigo ujao urekebishwe tangu kimea kinapolowekwa, kwenye pH 5.2 hadi 5.4.

Maji nayo yatazamwe. Uwiano unaofaa ni kloridi mara mbili ya salfeti, kwa mfano miligramu 150 kwa 75 kwa lita. Ukigeuzwa, uchungu huwa mkavu na mkali.

Kisha kuna hopsi zenyewe kuzidi. Utafiti wa Oregon State University uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia hopsi za Cascade, ulionyesha kwamba kupita gramu 8 kwa lita harufu haiongezeki sana, na tabia yake huelekea kwenye majani na chai. Wapishi wengi wa bia ya ukungu huvuka kiwango hicho kwa mazoea. Kabla ya kuongeza gramu, punguza muda: siku mbili au tatu kwenye nyuzi 14 hadi 16 zinatosha. Zikikaa wiki nzima, utapata nyasi.

Mwili mwembamba, au unaonata

Mwembamba bila siagi: kimea kililowekwa kwenye joto la chini. Pandisha hadi nyuzi 67 au 68, ongeza oti, angalia kloridi. Unaonata: haidromita ikisoma juu ya 1.016, uchachu umekwama. Ikisoma 1.012 na bado ulimi unasikia utamu, rudi kwenye oksijeni.

Harufu ngeni

Kitunguu au kitunguu saumu hutokana na misombo ya salfa ndani ya hopsi zenyewe. Aina kama Summit zinajulikana kwa hilo, na hopsi zilizochelewa kuvunwa huizidisha. Kwa kiasi kidogo huikoleza harufu ya embe, kwa hiyo hukumu ukubwa wake, si kuwapo kwake tu. Mkojo wa paka ni hivyohivyo: ni jamaa wa karibu wa harufu ya pasheni. Jibini au soksi ni hopsi zilizozeeka kwenye pakiti iliyofunguliwa, na hapo hakuna msamaha.

Tufaha bichi ni asetaldehidi. Bia changa huwa nayo, na siku kadhaa zaidi juu ya hamira huiondoa. Ikitokea kwenye bia ya zamani, shuku oksijeni. Mahindi yaliyochemshwa hutokana na kuchemsha kwa muda mfupi, sufuria kufunikwa, au kupoza polepole. Dawa ya hospitali ni klorini ya maji iliyokutana na fenoli. Karafuu au moshi ni hamira mwitu, na hapo mpira wote wa mabomba ubadilishwe. Harufu ya kicheche ni mwanga uliopiga bia kwenye chupa ya kijani au glasi iliyoachwa juani. Glasini hutokea ndani ya dakika chache, kwa hiyo kaa kivulini unapoonja nje.

Harufu ikiwa haipo kabisa, na umeshapandisha joto la glasi na kukagua tarehe, swali linahamia kwenye muda wa kutia hopsi. Zilizotiwa zote uchachu ukiwa umepamba moto hupoteza sehemu ya harufu, kwa kuwa gesi inayotoka huibeba na hamira inayozama huikokota. Gawa: theluthi moja mapema, mbili baada ya hamira kutulia na kuondolewa kitakoni.

Meza ikigawanyika

Wawili wanasema bia ya ghalani imefifia, wawili wanasema ni nzima. Fanya jaribio la glasi tatu: mbili bia ileile, moja tofauti, zimepangwa bila mpangilio maalumu, na kila mwonjaji aseme ipi ni ya peke yake. Tumia vikombe visivyoonyesha ndani, kwa sababu rangi na ukungu hutoa siri mara moja. Joto lilingane, ujazo ulingane, na anayemimina asikae mezani. Kwa bahati tu mtu hupatia mara moja kati ya tatu. Kwa waonjaji 12, inabidi 8 wapatie ndipo useme tofauti ipo kwa uhakika wa asilimia 95. Wakipatia 6, ongeza waonjaji au tafuta kopo lililokaa zaidi kwenye joto, na usiandike neno "oksijeni" kwenye fomu ya mtu.